Dawa Tuliyoituma Nyumbani

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka ya chama chetu, Dar es Salaam

 

Kwa desturi Kamati ya Fedha hupewa dakika kumi za kusoma mapato na matumizi, na watu hutuvumilia wakisubiri chakula. Mwaka huu hesabu zote zimechapishwa ndani ya kijitabu hiki, na mkaguzi ametupa hati safi. Tumemwomba Mwenyekiti dakika zetu tuzitumie kuzungumzia mstari mmoja tu wa matumizi. Mstari huo unasomeka: "Dawa za wazee."

Wengi wenu mnaujua mfuko huo, na wengi mnauchangia. Wazazi wetu wana presha, na dawa ya presha ni ya kila siku. Kwa hiyo tuliweka utaratibu. Mwanachama analeta jina la dawa anayotumia mzazi wake, sisi tunanunua kwa jumla Kariakoo, tunafunga kifurushi, tunaandika jina kwa kalamu nene na kukipeleka stendi ya Mbezi. Baada ya siku mbili mtu anapiga simu kutoka Kamachumu au Kemondo kusema mzigo umefika. Tumefanya hivyo kwa miaka kadhaa. Kila shilingi ina stakabadhi na kila kifurushi kina risiti ya basi. Kwa upande wa vitabu, mstari huu ni msafi kuliko yote.

Sasa tuwaeleze jambo ambalo vitabu havikulionyesha.

Katika familia mojawapo ya wanachama wetu huko Muleba, bibi mmoja alikuwa akipokea kifurushi chake kila mwezi. Ndani yake mlikuwa na kaptoprili, vidonge vya miligramu 25. Nyumbani hapo alikuwapo binti yake, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, mjamzito. Alipokwenda kliniki mara ya kwanza aliambiwa presha yake iko juu kidogo na akatakiwa arudi mapema. Kurudi kulichelewa: mvua, shamba, nauli. Kichwa kilipoanza kumuuma, mama yake akafanya ambalo mama yeyote angefanya. Akafungua kifurushi, akampa vidonge vyake. Presha ni presha, alisema, na hii imeninisaidia mimi. Binti akavimeza tangu mimba ilipokuwa na miezi minne hivi.

Mwezi wa saba uso na mikono vikavimba, akaanza kuona giza. Alipofikishwa hospitali presha ilikuwa imepanda sana, na ikabidi afanyiwe upasuaji usiku uleule. Mtoto alizaliwa hai, wa kiume, gramu 1,350. Mama alipopata nguvu akamweka kifuani ngozi kwa ngozi. Lakini siku ya kwanza mtoto hakukojoa, wala ya pili, wala ya tatu. Wauguzi walihangaika naye kwa walichokuwa nacho. Mkanda mdogo kuliko yote wa kupimia presha katika wodi ile ulikuwa wa mtoto wa miaka mitano, hivyo presha yake haikupimwa hata mara moja. Siku ya nne alifariki. Kwenye daftari pakaandikwa neno moja: njiti.

Tulikwenda msibani, wachache wetu. Jioni ya pili bibi alitoa kile kifurushi akatuuliza kama aendelee na dozi ileile au mwezi huu tutamletea nyingine. Mwenzetu mmoja ambaye ni tabibu akakipokea, akasoma jina, akanyamaza. Kisha akauliza polepole, "Mama, dawa hii umeinywa peke yako?"

Familia imeturuhusu tuyaseme haya bila kutaja jina, na tunawashukuru. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tulionunua kile kidonge, tukakifunga na kukipitisha kwenye hesabu, ndio wenye wajibu wa kusimama mbele yenu na kueleza.

Tueleze basi, kwa lugha yetu ya kawaida, kama tulivyoelezwa na wataalamu wetu.

Kaptoprili ni dawa nzuri. Ilisajiliwa Marekani mwaka 1981, baada ya wanasayansi kuchunguza sumu ya nyoka mmoja wa Brazili na kuona namna inavyoshusha presha. Baadaye walikuja ndugu zake: enalaprili, lisinoprili na wengine. Kwenye paketi utaona majina yao yanaishia na herufi p-r-i-l. Kuna ukoo wa karibu ambao majina yao huishia na s-a-r-t-a-n, kwa mfano losartani. Dawa hizi zimeongeza miaka ya wazazi wetu wengi waliopo hapa ukumbini.

Zinafanya kazi kwa kuzuia kemikali fulani ya mwili inayobana mishipa ya damu. Kwa mtu mzima, mishipa ikilegea presha inashuka na moyo unapumzika. Lakini mtoto aliye tumboni anaihitaji kemikali hiyohiyo ili damu isukumwe vya kutosha kwenye figo zake. Ukiizuia, figo zake zinakosa nguvu na mkojo unapungua. Na hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulijua: katika nusu ya pili ya mimba, sehemu kubwa ya maji ya uzazi ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Mkojo ukipungua, maji yanapungua. Maji yakipungua, mapafu hayapati nafasi ya kukua vizuri. Mtoto anaweza kuzaliwa na presha ya chini sana, asiyekojoa, na mapafu machanga. Ndiyo maana tangu mwaka 1992 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito liwekwe kwenye dawa hizi kuhusu miezi sita ya mwisho ya mimba, na leo waganga duniani kote hawampi mjamzito dawa hizi.

Je, ndicho kilichomuua mtoto wetu? Hatuwezi kuapa. Mtoto wa gramu 1,350 ana njia nyingi za kufa, na kifafa cha mimba peke yake kingetosha kumletea mama yake matatizo yote yale. Presha ya mtoto haikupimwa, maji ya uzazi hayakuangaliwa, na kliniki haikuambiwa habari za kidonge. Swali limebaki bila jibu kwa sababu hakuna aliyeandika. Jambo hilo linatuuma sisi tunaoshika vitabu kuliko tunavyoweza kueleza.

Ndugu zetu, kuna upande wa pili wa habari hii. Mara chache mtoto njiti mwenyewe hupata presha ya juu. Inaweza kutokea, kwa mfano, damu ikiganda karibu na mrija uliowekwa kitovuni na kuziba njia ya kwenda kwenye figo. Hapo daktari anaweza kulazimika kumpa dawa. Madaktari wa Marekani waliandika mwaka 1988 na tena mwaka 1989 juu ya njiti waliopewa kaptoprili kwa sababu hiyo. Presha ya baadhi yao ilianguka kupita kiasi, figo zikashindwa, na wengine wakapata degedege. Tangu hapo dozi ya kuanzia kwa njiti ilishushwa mno, hadi sehemu moja ya mia ya miligramu kwa kila kilo ya uzito.

Sisi ni wahasibu, tukapiga hesabu. Kwa mtoto wa kilo 1.2 hiyo ni miligramu 0.012. Kidonge cha miligramu 25, kile tulichokuwa tukifunga kwenye bahasha, kingetakiwa kigawanywe mara 2,083 kupata dozi yake moja ya kwanza. Tunataja hesabu hiyo si kwa ajili mtu akajaribu kugawanya kidonge, la hasha. Tunaitaja ili mwone jinsi mtoto huyu alivyo mdogo. Kosa ambalo kwa mtu mzima hata halionekani, kwake ni dozi ya siku nyingi.

Zipo pia dawa zinazofaa kabisa kwa mama lakini zinazotaka mtoto aangaliwe. Labetaloli hutumika kwa wajawazito, ila mara mojamoja mtoto huzaliwa na mapigo ya moyo ya polepole au sukari iliyoshuka, na njiti ndiye aliye hatarini zaidi. Magneziamu salfeti, sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, inaweza kumfanya mtoto awe mlegevu na apumue kwa udhaifu saa za mwanzo. Mambo hayo muuguzi akiyajua anayapima na kuyatibu. Asipoyajua, atadhani ni unjiti tu.

Tunaomba sana hapa tueleweke. Asitoke mtu ukumbini akampigia simu dada yake aliye mjamzito akamwambia atupe dawa. Presha ya mimba isiyotibiwa inaua mama na mtoto, na inaua wengi zaidi kuliko maudhi yote ya dawa tuliyoyataja. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba magneziamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa nusu. Methildopa, ambayo mama zetu waliijua kwa jina la Aldomet, imetumiwa na wajawazito kwa miongo mingi, na watoto waliofuatiliwa Uingereza hadi umri wa miaka saba na nusu walikuwa wakikua vema. Nifedipini nayo ipo. Kwa hiyo dawa za wajawazito zipo, na hazina ughali wa kutisha. Mjamzito aliyekuwa akitumia kidonge cha p-r-i-l au s-a-r-t-a-n asikae nacho na asikiache kimyakimya: aende kliniki siku hiyohiyo na paketi mkononi, abadilishiwe.

Tena tukumbuke kwa nini presha na unjiti vinatembea pamoja. Kifafa cha mimba kikikaribia, tiba yake ya mwisho ni kuzaa. Daktari analazimika kumtoa mtoto kabla ya siku zake ili mama apone. Njiti wengi hawakuja mapema kwa bahati mbaya. Walitolewa ili mama zao waishi. Duniani, mwaka 2020 walizaliwa njiti takriban milioni 13.4, yaani mmoja katika kila watoto kumi. Hapa Tanzania utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hawafikishi mwezi mmoja.

Sasa neno "nadra." Mtaalamu akisema madhara haya ni nadra, wengi tunasikia kwamba hayatatupata. Mhasibu anasikia vingine. Tunajua kosa dogo likitawanyika kwenye vitabu mia, hakuna mshika kitabu hata mmoja atakayeliona. Litaonekana siku vitabu vyote vikiletwa meza moja. Wodi ndogo ya Muleba inaweza kukaa miaka kabla ya kumwona mtoto mwingine kama yule wetu. Muuguzi atakayempokea atakuwa mwingine, na daftari litakuwa jipya. Asipoandika, kila mara itakuwa mara ya kwanza.

Nchi yetu inayo meza hiyo ya kukutanisha vitabu. Tanzania imo katika mpango wa kimataifa wa kufuatilia usalama wa dawa tangu mwaka 1993, na taarifa zetu zinakusanywa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mhudumu wa afya anajaza fomu ya njano. Mgonjwa au ndugu yake naye anaruhusiwa kutoa taarifa, na hahitaji kuwa na uhakika kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Kushuku kunatosha. Baada ya msiba ule tulimsaidia yule mama kutoa taarifa yake. Ilichelewa, lakini imeandikwa.

Hivyo, kwa ruhusa ya Mwenyekiti, tunaleta kwenu mambo mawili.

La kwanza halina gharama. Kuanzia mwaka huu Mfuko wa Dawa za Wazee hautanunua dawa kwa jina lililotumwa kwa simu. Tunataka cheti cha daktari chenye jina la mgonjwa, na kisiwe kimezeeka. Kila kifurushi kitabandikwa karatasi ya Kiswahili na Kihaya yenye maneno makubwa: dawa hii ni ya mtu mmoja, mwenye mimba, au anayedhani ana mimba, asiiguse. Na kila mmoja wetu anayetuma dawa kwa mkono wake mwenyewe, nje ya mfuko, tunamwomba apige simu nyumbani kesho asubuhi aulize swali lile la tabibu wetu: "Mama, dawa hii unainywa peke yako?" Ni simu ya dakika mbili.

La pili ndilo la harambee ya leo. Tunaomba kuchangia chumba cha watoto njiti katika kituo cha afya cha kata yetu. Hatuombi jengo. Chumba kipo, kina dirisha na mlango. Tunaomba vipimo. Mizani inayosoma gramu moja moja. Mikanda ya presha ya saizi za watoto wachanga pamoja na mashine yake. Kipima sukari, na vijiti vyake vya kutosha mwaka mzima, maana kipima sukari bila vijiti ni pambo. Kipima oksijeni cha mguuni. Vipima joto. Viti vinne vya kuegemea na vitenge vya kufungia watoto kifuani. Na daftari kubwa lenye safu ya dawa alizotumia mama wakati wa mimba, safu ambayo kwenye daftari la zamani haikuwapo. Bei za kila kitu mtaziona kwenye ukurasa unaofuata.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini viti na vitenge vimo kwenye orodha ya vipimo? Kwa sababu mtoto aliye kifuani kwa mama anaangaliwa muda wote. Muhimbili ilikuwa mojawapo ya hospitali tano, za Tanzania, Ghana, Malawi, Nigeria na India, zilizofanya utafiti juu ya njia ya kangaruu kwa watoto wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Watoto 3,211 walishirikishwa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie, walikufa asilimia 12 katika mwezi wa kwanza. Waliosubirishwa walikufa asilimia 15.7. Tofauti hiyo ni roho moja katika kila nne ambazo zingepotea. Imeletwa na kifua cha mama, kiti na kitambaa.

Mwingine atasema: kwa nini tusisubiri, mtoto mgonjwa si atapelekwa Bukoba au Bugando? Atapelekwa, na tunashukuru. Tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya Daraja la Magufuli pale Kigongo na Busisi, hakuna tena kungoja kivuko. Lakini mama wa Bumbire bado anaanza safari yake kwenye mtumbwi, na kabla ya safari yoyote lazima mtu aone kwamba mtoto huyu hajakojoa, sukari yake imeshuka, presha yake haishikiki. Asipopimwa, hapelekwi. Akipelekwa bila karatasi, Mwanza wanaanza upya.

Wazee wetu walioanzisha vyama vya kusaidiana Bukoba tangu miaka ya 1920 walichanga fedha za kahawa ili watoto wa wengine wasome. Hawakuwajua watoto hao kwa majina. Wengi tuliopo hapa tumesoma kwa mkono huo. Leo tunachangia mtoto ambaye bado hajazaliwa, na huenda uzito wake ukawa chini ya mfuko wa sukari tulionunua kwa ajili ya chai ya jioni hii.

Yule bibi bado tunamtumia dawa yake. Safari ya mwisho aliturudishia kitu kwa basi lilelile: kopo la senene, na karatasi aliyoandikiwa na mjukuu wake. Ilisema dawa imefika, anaifungia kabatini, na ufunguo anao yeye.

Stakabadhi za jioni hii ziko meza ya kushoto. Ukitoa ahadi, andika na tarehe ya kuikamilisha, maana tutapiga simu. Mwakani, Mungu akitujalia, tutasimama hapa tena na daftari la chumba kile, tuwasomee safu kwa safu.